Nanaa, mdalasini na vifuko vya ovari

Pita leo sokoni au stendi ya mabasi, hukosi kuona kifurushi cha unga kinachosifiwa kuwa "huyeyusha uvimbe wa ovari". Wanaokinunua si wajinga. Ni wanawake ambao hedhi huwajia mara tatu au nne kwa mwaka, wanaoota ndevu kidevuni, na ambao mama mkwe ameshaanza kuuliza mjukuu yuko wapi.

Tatizo lao ni ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa huwapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio na umri wa kuzaa, na kwamba wengi wao hawajui kuwa wanao.

Ndugu msomaji, kwanza tuelewane juu ya vifuko hivyo. Si uvimbe. Ni vijumba vya mayai yaliyoanza kukua yakakwama kabla ya kupevuka. Hakuna cha kuyeyusha. Kiini ni homoni. Kwa wengi wa wagonjwa hawa, mwili hauitikii vizuri insulini, ile homoni inayoiongoza sukari kuingia kwenye seli. Mwili hutengeneza insulini zaidi, nayo huzichochea ovari kutoa homoni za kiume kupita kiasi. Yai hukwama, hedhi hupotea.

Je, mimea yaweza kusaidia? Mimi si katika wanaoidharau. Metfomini, dawa ya kisukari ambayo madaktari huwapa pia wanawake hawa, asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao galega, ambao zamani ulitumiwa kwa watu wenye kiu na kukojoa sana. Lakini galega yenyewe ni sumu, huua hata kondoo. Wanakemia walitengeneza metfomini, ambayo ni jamaa ya kemikali ya mmea huo, mwaka 1922, na ni mwaka 1957 ndipo daktari Mfaransa, Jean Sterne, alipotangaza matokeo yake kwa wagonjwa wa kisukari. Kilichoifanya dawa ni kupimwa.

Mimea ya jikoni kwetu nayo imeanza kupimwa. Huko Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wanawake wapatao 40 waligawanywa makundi mawili. Waliokunywa chai ya nanaa mara mbili kwa siku kwa mwezi mmoja walipungukiwa na homoni za kiume katika damu, ingawa vipimo vya nywele za mwilini havikubadilika. Huko Marekani, mwaka 2014, watafiti waliripoti kuwa mdalasini, gramu 1.5 kwa siku, uliwasaidia wanawake kupata hedhi mara nyingi zaidi. Walianza wanawake 45, lakini waliofika mwisho wa miezi 6 hawakutimia nusu. Hiyo ni dalili njema, bado si tiba.

Ninachokihofia zaidi ni muda unaopotea. Hedhi isipokuja kwa miezi mingi, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huzidi kunenepa, na hatari ya saratani huongezeka. Kisukari nacho hunyemelea kimyakimya. Mwanamke anayekunywa unga mwaka mzima bila kupimwa anaviacha vyote viwili vikue.

Basi kunywa chai yako ya nanaa, dada yangu, lakini nenda hospitali upimwe sukari, homoni na altrasaundi. Mweleze daktari kila mmea unaoutumia, kwani uwatu, kwa mfano, hushusha sukari, na ukiutumia pamoja na dawa za kisukari inaweza kushuka kupita kiasi. Na kwa wasomaji wa Tanzania, sheria ya mwaka 2002 imeunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kabla ya kutoa fedha, mwombe mganga akuonyeshe cheti chake cha usajili. Mganga wa kweli hataona haya kukionyesha.