Mwaka wa Kwanza Baada ya Cheti: Utangulizi

Taaluma unayoingia haina idara yake yenyewe. Wachumi huifundisha ndani ya soko la ajira, walimu ndani ya elimu ya watu wazima na ufundi stadi, na halmashauri humwachia afisa maendeleo ya jamii pamoja na mafaili mengine yote ya mezani kwake. Wote hao wanahangaika na swali moja: kijana asiye shuleni, asiye chuoni na asiye na kazi, je, mafunzo ya miezi michache yanaweza kumtoa hapo alipo? Utangulizi huu nimeuandika nikiifikiria Lisekese, wilayani Masasi, pamoja na majirani zake wa Newala juu ya uwanda wa Makonde. Nadharia nyingi utakazokutana nazo zilitungwa mbali sana na mikorosho. Afadhali uanze kuzipima mahali zinapobanwa.

Tuanze na kundi lenyewe. Mwaka 1994 watafiti wa Wales ya kusini walijaribu kuwatafuta vijana wa miaka 16 na 17 ambao hawakuonekana katika daftari la shule, la mafunzo wala la ajira. Mwaka 1999 serikali ya Uingereza ikatoa ripoti juu ya wenzao wa miaka 16 hadi 18, na kutoka hapo kipimo kikasafiri dunia nzima. Malengo ya Maendeleo Endelevu yalikichukua katika shabaha ya 8.6, iliyotaka kundi hili lipungue kwa kiasi kikubwa ifikapo mwaka 2020. Safarini umri ulitanuka. Takwimu za kimataifa huhesabu miaka 15 hadi 24, ilhali Sera ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 inamtambua kijana hadi miaka 35. Unapolinganisha ripoti mbili, angalia umri kwanza, la sivyo utalinganisha mtoto wa kidato cha nne na mama wa watoto watatu.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye neno "kazi". Kwa kanuni ya kimataifa, mtu ana kazi ikiwa katika wiki iliyopita alifanya walau saa moja ya shughuli ya malipo au faida. Mwaka 2013 mkutano wa 19 wa wataalamu wa takwimu za kazi uliongeza sharti: anayelima chakula cha nyumbani hahesabiwi tena kuwa na ajira. Sasa mchukue binti wa miaka 19 wa Lisekese. Asubuhi anapalilia mihogo ya familia. Kwa dodoso, hiyo si ajira. Jioni anaokota korosho za baba yake zitakazopelekwa ghala la chama cha ushirika cha msingi (AMCOS). Hiyo ni ajira, hata kama hakupewa senti. Jasho ni lile lile na siku ni ile ile. Ukimhoji Oktoba, msimu umechanganya, ataandikwa mfanyakazi. Ukimhoji Machi, korosho zimekwisha na kilichobaki shambani ni chakula, ataandikwa hana kazi, hayuko shuleni wala mafunzoni. Sisemi kanuni ni mbovu, maana bila kanuni moja hatuwezi kulinganisha nchi na nchi. Nasema kwamba huku kusini umaskini wa kijana unafuata kalenda ya zao, na programu isiyoijua kalenda hiyo imeshapotea kabla mwalimu hajashika chaki.

Wasomi wa mwanzo walibishana kuhusu shule. Mwaka 1965 Philip Foster, aliyekuwa amefanya utafiti Ghana, aliandika kwamba kuingiza ufundi mashuleni hakutawageuza vijana kuwa mafundi, kwa sababu kijana na mzazi wake wanaona wazi kazi ipi inalipa, na wakati ule ilikuwa ya ofisini. Miaka miwili baadaye Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, iliyoitaka shule imwandae mtoto kwa maisha ya kijijini. Soma maandishi hayo mawili pamoja, jioni moja ukiweza. Kila mmoja anajibu swali ambalo mwenzake hakuliuliza, na Tanzania imeishi kati yao tangu hapo: vyuo vya maendeleo ya wananchi vilivyoanza mwaka 1975 kwa mfano wa Sweden, kimojawapo kikiwa Masasi, sheria ya mwaka 1994 iliyounda mamlaka ya ufundi stadi, VETA, na sasa mkondo wa amali katika toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo. Kabla ya yote hayo karakana zilikuwapo Ndanda, ambako Wabenediktini walifika mwaka 1906. Mafunzo ya kazi si kitu kigeni katika wilaya hii.

Ni kazi yenyewe iliyokuja na kuondoka. Katika miaka ya 1970 serikali ilikopa ikajenga viwanda vya kubangua korosho, vikiwamo vya Masasi na Newala. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000. Baadaye watu wakahamishiwa vijijini, mashamba yakabaki mbali na nyumba, bei ikamkatisha mkulima tamaa, ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia mikorosho, na katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Viwanda vingi vikasimama, na baadhi ya majengo yakawa maghala. Leo mavuno yamepanda tena, lakini sehemu kubwa ya korosho bado inasafirishwa ghafi na kubanguliwa India na Vietnam. Historia hii naitaja kwa makusudi. Utasoma miradi mingi inayozungumzia "kuajirika", kana kwamba upungufu wote umo ndani ya kijana: hajui kujieleza, hajui kuandika barua ya maombi, hana nidhamu ya saa. Yapo hayo, na yanafundishika. Ila babu wa kijana huyo huenda aliajirika vizuri sana mwaka 1979, na hakupoteza ujuzi siku mashine zilipozimwa.

Vijana hawakukaa kusubiri. Walipanda mabasi kwenda Dar es Salaam, na biashara ya mkononi ya vijana wa kusini ikawa sura ya mitaa ya jiji. Serikali wakati ule iliwaona kama wazururaji. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilitumika kuwakamata na kuwarudisha vijijini. Lakini zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo, Keith Hart alikuwa ameonyesha, kutoka Accra, kwamba watu waliodhaniwa hawana kazi walikuwa na shughuli tele zisizoandikwa popote. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokwenda Kenya mwaka 1972 ukaeneza wazo hilo, na Kenneth King akakaa na mafundi wa jua kali wa Nairobi kwa miaka, akiandika jinsi ujuzi unavyopita kutoka mkono hadi mkono bila darasa. Katika maktaba yetu mkusanyiko huu ndio ninaoupenda kuliko wote. Waandishi wake waliangalia kabla ya kuhukumu.

Nawe angalia. Kati ya Juni na Agosti mikorosho hupuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga. Kazi huanza alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali kwenye majani ili unga ushike. Wapuliziaji wengi ni vijana vibarua, mashine mgongoni, kitambaa usoni. Mashine ni ya injini ndogo inayochanganyiwa petroli na oili. Oili ikiwa pungufu, pistoni inakwama. Plagi ikichafuka, haiwaki. Kabureta ikiziba kwa vumbi, inawaka na kuzima. Ikiharibika saa kumi na mbili asubuhi na fundi yuko Masasi mjini, mwenye shamba amepoteza siku, na kibarua amepoteza ujira. Ufundi huu hauhitaji mwaka. Wiki kadhaa za mazoezi chini ya fundi mzuri zinamtosha kijana mwepesi wa mkono, na mteja yupo, tena ana haraka. Lakini kozi ikifunguliwa Julai, kwa sababu fedha za mradi zimetoka Julai, mhitimu atapokea cheti Desemba, wakati mashine zote zimefungiwa ndani. Atakaa nacho miezi sita bila kugusa spana. Mkono utasahau, na spana, kama alipewa, huenda zimeshauzwa kununua unga. Tathmini ikija Machi itaandika kwamba mafunzo ya ufundi hayaleti ajira.

Je, yanaleta? Mwaka 2017 David McKenzie alikusanya majaribio ya nchi zinazoendelea akakuta kwamba, kwa wastani, kati ya vijana 100 waliofunzwa ni wawili au watatu tu waliopata kazi ambayo wasingeipata bila mafunzo. Takwimu hiyo imewakatisha tamaa wengi. Nakusihi usiishie hapo, kwa sababu wastani unaficha tofauti, na mifano miwili ya jirani zetu Uganda inazionyesha vizuri.

Wa kwanza ni wa kaskazini mwa nchi hiyo. Mwaka 2008 serikali iliwapa vikundi vya vijana fedha taslimu, wastani wa dola 382 kwa mtu, wajitafutie mafunzo na zana. Christopher Blattman na wenzake waliwafuatilia. Fedha nyingi zilikwenda kwenye zana na malighafi. Baada ya miaka minne kipato cha waliopewa kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko cha wasiopewa. Baada ya miaka tisa pengo la kipato lilikuwa limefungika, kwa kuwa wengine nao walikuwa wamepanda, ingawa waliopewa walibaki na mali zaidi. Wa pili ulichapishwa mwaka 2020 na Livia Alfonsi na wenzake. Waligawa vijana kwa bahati nasibu: wengine wakasoma miezi sita katika vyuo vya ufundi vyenye sifa, wengine wakajifunza kazini kwa mwajiri. Makundi yote mawili yalinufaika, lakini kadiri miaka ilivyopita wa chuoni walitangulia, kwa sababu walikuwa na cheti cha ujuzi unaotambulika kwa mwajiri mwingine. Aliyefunzwa gereji moja akiachishwa huanza upya.

Matokeo hayo mawili yana maana kubwa kwa Masasi. La kwanza linatueleza kwamba ujuzi bila zana umelala. Ndiyo sababu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa bila riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inastahili kusomwa kama sehemu ya mafunzo, ingawa imo katika sheria ya fedha za serikali za mitaa. Ilipositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, wahitimu wa kipindi hicho walitoka na cheti mkononi na mlango umefungwa. La pili linatueleza thamani ya urasimishaji wa ujuzi, ambapo VETA humpima fundi aliyejifunzia chini ya mwembe na kumpa cheti bila kumrudisha darasani. Kwa kijana aliyetengeneza pikipiki miaka mitano kando ya barabara ya Masasi, cheti hicho huweza kumfikisha kwa mwajiri wa Mtwara mjini ambaye hajui jina la kijiji chake.

Kuna gharama ambayo bajeti za miradi huisahau. Anayesoma halimi, na hapigi kibarua. Chuo kikiwa mbali, nauli na chakula vinaiangukia familia katika miezi ambayo hakuna fedha, na familia iliyobanwa huuza korosho zikiwa bado mtini kwa mnunuzi wa kangomba, yaani wa magendo, kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika, mavuno ni ya mtu mwingine. Mafunzo ya bure yamelipiwa, na aliyelipa ni mama mwenye mikorosho kumi.

Kwa wasichana mambo ni mazito zaidi, na kusini tuna deni maalumu la kuyasoma. Masasi ilikuwa miongoni mwa wilaya za majaribio wakati mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, MEMKWA, ulipoanza mwaka 1999. Hadi Novemba 2021 msichana aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida. Wengi wa wasichana hao leo wana miaka ya ishirini na kitu, na takwimu zinawaita wasio na shughuli huku wakichota maji, wakilea na kuuguza wazee mchana kutwa. Programu ya Elimu Haina Mwisho katika vyuo vya maendeleo ya wananchi ilifanya jambo moja ambalo wataalamu wa mitaala hawakulifikiria kwa muda mrefu: ilimpa mtoto wa mwanafunzi mahali pa kukaa wakati mama yake yuko karakanani. Mimi nalihesabu jambo hilo kuwa ufundishaji, sawa na ubao na cherehani.

Siku utakapotembelea kituo chako cha kwanza, utapokelewa vizuri na kuonyeshwa darasa la sasa, pengine na picha za mahafali. Shukuru, kisha omba orodha ya waliomaliza miaka miwili iliyopita, yenye namba za simu. Wapigie. Namba nyingi hazitapatikana, basi nenda kijijini ukaulize wazazi. Uliza kila mmoja alifanya nini mwezi baada ya mwezi tangu apewe cheti: zana alizipata wapi, mteja wa kwanza alikuwa nani, alimlipa au alimkopa, na miezi ya kifuku alikula nini. Andika majibu kwa kufuata miezi, kuanzia Mei kabla ya salfa hadi Mei nyingine, ndipo urudi kwa mkuu wa kituo mkae mzungumze ni mwezi gani kozi ijayo ifunguliwe.