Uasi wa Paris uliozaa tamthilia ya 'Les Misérables'

WENGI wanaoitazama tamthilia ya nyimbo ya Les Misérables hudhani kuwa vizuizi vinavyojengwa jukwaani ni vya Mapinduzi Makuu ya Ufaransa ya 1789. La hasha! Mapinduzi hayo yalikuwa yamepita kwa zaidi ya miaka 40.

Mapigano yanayoigizwa ni ya Juni 5 na 6, 1832, jijini Paris. Miaka miwili awali, wananchi walikuwa wamemng'oa Mfalme Charles X, lakini badala ya jamhuri ambayo wengi wao waliitarajia, wakapewa mfalme mwingine, Louis-Philippe. Mabwanyenye walinufaika, walalahoi wakasalia walivyokuwa.

Kisha ukazuka ugonjwa wa kipindupindu, ambao mwaka huo uliwaua zaidi ya watu 18,000 jijini humo, hasa katika mitaa ya maskini iliyosongamana. Uvumi ulienea kwamba visima vilikuwa vimetiwa sumu. Waziri Mkuu Casimir Perier mwenyewe hakusazwa. Juni 1 akafariki Jenerali Lamarque, mwanajeshi aliyependwa na wanyonge kwa kuikosoa serikali.

Mazishi yake ndiyo yaliyowasha moto. Umati uliolisindikiza jeneza ulikabiliana na askari, na kufikia jioni barabara nyembamba zilikuwa zimezibwa kwa mikokoteni, samani na mawe yaliyong'olewa njiani. Waasi wa mwisho walizidiwa nguvu siku ya pili karibu na kanisa la Saint-Merry. Takriban watu 800 waliuawa au kujeruhiwa katika pande zote mbili.

Victor Hugo, wakati huo akiwa na umri wa miaka 30, alijikuta katikati ya milio ya risasi. Riwaya yake ilitoka 1862, akiwa uhamishoni kisiwani Guernsey kwa kumpinga Napoléon III. Alain Boublil na Claude-Michel Schönberg waliigeuza kuwa tamthilia iliyoonyeshwa Paris mnamo 1980, kisha London mnamo 1985.

Na masaibu ya Jean Valjean, aliyefungwa kwa kuiba mkate? Hugo hakutia chumvi sana. Sheria ya enzi hizo iliwalazimu waliotoka gerezani kubeba hati maalumu na kuripoti kwa polisi, hivyo ajira ikawa ndoto.

Kuanzia 1853, Haussmann alibomoa mingi ya mitaa hiyo na kujenga barabara pana, ambazo si rahisi kuzibwa kwa mikokoteni.