Nati Ikikazwa Kupita Kiasi



Kutengeneza gari la kikundi wenyewe huokoa pesa. Lakini sehemu ya mbele, penye shokapu, bushi na mikono ya magurudumu, haitaki ubabe. Hapa Eastlands, kuanzia Kariobangi hadi Kayole, wengi wetu huvalisha spana kipande cha bomba ili nati "ikae kabisa". Hapo ndipo hatari huanza.

Bolti ni kama springi. Ukiikaza huvutika kidogo, na kule kutaka kurudi ndiko kunakobana vyuma. Ikivutwa kupita kiasi hairudi tena: meno huliwa, shingo hukonda, na siku moja hukatika kwenye shimo la barabara, watu wakiwa ndani. Spana ya sentimita 30 ikiongezwa bomba ikafika 90, nguvu yako huwa mara tatu!

Basi tufanye hivi:

1. Gari likae juu ya stendi imara, si jeki peke yake.
2. Tusafishe meno kwa brashi ya waya. Nati ianze kwa vidole. Ikigoma, tuitoe tuanze upya.
3. Bolti za bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini, la sivyo mpira hujipinda na kupasuka mapema.
4. Tutumie spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. Kikundi chaweza kuchanga kununua moja.
5. Bolti iliyovutika isirudishwe.

Mkiwa na shaka, fundi mzoefu akague kabla gari halijabeba mtu. Bolti hununuliwa, maisha hayanunuliwi.