Albamu ya Wengi, Jina la Mmoja: Ziara ya ‘Graceland’ na Swali la Nani Mwenye Wimbo

Mwezi Februari 1987, katika uwanja wa Rufaro mjini Harare, mwimbaji na mtunzi wa Marekani Paul Simon alipanda jukwaani kuimba nyimbo za albamu yake mpya, Graceland. Hakuwa peke yake. Alizungukwa na wapiga ala na waimbaji wa Afrika Kusini, nchi iliyokuwa ng'ambo tu ya mto Limpopo. Miongoni mwao walikuwamo Miriam Makeba na mpiga tarumbeta Hugh Masekela, ambao kwa zaidi ya miaka ishirini walikuwa wakiishi uhamishoni.

Jalada la albamu hiyo lilikuwa na jina moja. Jukwaa lilikuwa na watu wengi. Tofauti hiyo ndiyo inayoifanya Graceland iendelee kujadiliwa hadi leo kila mwimbaji maarufu anapoingia studio na kundi la wengine: je, wimbo uliotengenezwa kwa mikono mingi ni mali ya nani?

Muziki kwanza, maneno baadaye

Mwaka 1984 Simon alikuwa katika kipindi kigumu. Albamu yake iliyotangulia, ya mwaka 1983, haikuuzika kama ilivyotarajiwa. Ndipo alipopewa kanda ya muziki wa akodiani kutoka vitongoji vya Waafrika nchini Afrika Kusini, akaipenda. Februari 1985 alisafiri hadi Johannesburg pamoja na fundi wake wa sauti, Roy Halee.

Kwa kawaida mtunzi huja na wimbo uliokamilika, kisha hutafuta wapigaji. Safari hii mambo yalikwenda kinyume. Makundi mbalimbali yaliingia studio na kupiga muziki wao, Simon akisikiliza, akichagua na kurekodi. Walikuwamo Tau Ea Matsekha wenye asili ya Lesotho, kundi la General M. D. Shirinda na Boyoyo Boys. Mpiga gitaa Ray Phiri, mpiga besi Bakithi Kumalo na mpiga dramu Isaac Mtshali wakawa nguzo za kazi hiyo. Simon alirudi New York na kanda zake, akazisikiliza tena na tena, na hapo ndipo alipotunga maneno na kuimba juu ya muziki uliokwisha kupigwa.

Baadaye mwaka huohuo, jijini London, alirekodi na Ladysmith Black Mambazo, kundi la Joseph Shabalala linaloimba kwa mtindo wa isicathamiya, yaani sauti za wanaume zisizosindikizwa na ala.

Malipo ya siku na malipo ya maisha

Wanamuziki wa Johannesburg walilipwa mara tatu ya kiwango cha chama cha wanamuziki cha New York. Kwa hali ya Afrika Kusini ya wakati ule, fedha hizo zilizidi kwa mbali malipo ya kawaida ya studio. Lakini hapa yafaa kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa.

Malipo ya studio ni ujira: mtu amepiga gitaa lake, amelipwa, amekwenda nyumbani. Hakimiliki ya utunzi ni jambo jingine. Aliyeandikwa kuwa mtunzi hupata mrabaha nakala inapouzwa, wimbo unapopigwa redioni au mwimbaji mwingine anapourudia, na haki hiyo hurithiwa na watoto wake. Kwa hiyo mstari mmoja wa majina uliochapwa kwa herufi ndogo ndani ya jalada waweza kuwa na thamani kuliko ujira wa studio wa mwaka mzima.

Katika Graceland, baadhi ya mistari hiyo ilikuwa na majina mawili au zaidi. Shabalala aliandikwa mtunzi mwenza wa wimbo ‘Homeless’. Mpiga akodiani Forere Motloheloa aliandikwa katika ‘The Boy in the Bubble’, na Shirinda katika ‘I Know What I Know’. Nyimbo nyingine, ukiwamo ule ulioipa albamu jina na ule mashuhuri wa ‘You Can Call Me Al’, zilibaki na jina la Simon peke yake, ingawa msikilizaji hawezi kuzifikiria bila gitaa la Phiri na besi ya Kumalo.

Mpaka uko wapi basi? Sheria za nchi nyingi humtazama mtunzi kuwa ni yule aliyebuni sauti kuu na maneno. Aliyepamba kwa ala huhesabiwa mtendaji. Kanuni hiyo ni rahisi pale wimbo unapoanza na maneno. Pale muziki wa kundi unapotangulia, mpaka hufifia. Wanamuziki wa Los Lobos, kundi la Los Angeles lililopiga katika wimbo wa mwisho wa albamu, wamelalamika hadharani kwamba muziki wake ulikuwa wao na hawakuandikwa. Simon ameyakana madai hayo.

Kwa nini Harare?

Swali la umiliki halikuwa la fedha pekee. Desemba 1980 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limewataka wasanii wa dunia kuisusia Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Simon alikwenda Johannesburg ususiaji huo ukiwa bado unaendelea.

Alijitetea kwamba hakwenda kutumbuiza wala hakulipwa na serikali ya kibaguzi. Alikwenda kufanya kazi na wanamuziki Weusi ambao wenyewe walitaka muziki wao usikike. Wapinzani wake, akiwamo Dali Tambo, mwana wa kiongozi wa chama cha ANC Oliver Tambo, walijibu kwamba ususiaji una nguvu pale tu unapowafunga wote. Kila msanii akijitafutia ruhusa yake, kamba itakatika. Ziara ilipofika ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London Aprili 1987, waandamanaji walikuwa nje.

Hoja zote mbili zilikuwa na uzito, na wahamishwa wenyewe hawakuwa na kauli moja. Makeba, aliyenyang'anywa pasipoti mwaka 1960 na ambaye wasikilizaji wa Kiswahili wanamfahamu kwa kuimba ‘Malaika’, alichagua kupanda jukwaani. Masekela pia, naye akamtetea Simon waziwazi.

Harare, mji mkuu wa taifa lililokuwa limepata uhuru miaka saba tu kabla, ikawa mahali ambapo kundi hilo liliweza kuimba karibu na nyumbani bila kuvunja ususiaji. Simon alitumbuiza Afrika Kusini kwa mara ya kwanza Januari 1992, baada ya Nelson Mandela kuachiwa. Alipatana na Dali Tambo miaka mingi baadaye, mbele ya kamera za filamu ya mwaka 2012 kuhusu albamu hiyo.

Ziara ilibadilisha nini?

Katika kanda, mpiga besi ni sauti isiyo na sura. Jukwaani ana jina, ana uso, anapigiwa makofi. Ziara iliwapeleka Ladysmith Black Mambazo mbele ya watu ambao hawakuwa wamesikia isicathamiya, na albamu yao wenyewe, Shaka Zulu, ikashinda tuzo ya Grammy mwaka 1988. Shabalala alifariki Februari 2020 akiwa anafahamika duniani kwa jina lake mwenyewe.

Solomon Linda hakupata bahati hiyo. Mwaka 1939 alirekodi ‘Mbube’ mjini Johannesburg, akauachia wimbo kwa shilingi kumi, kisha akafa maskini huku wimbo ukizunguka dunia. Warithi wake walifikia mapatano ya malipo mwaka 2006 tu.

Katika eneo letu pia, wapo wapiga solo na besi wengi ambao vidole vyao vinafahamika kila kona ilhali majina yao hayakuandikwa popote. Leo msanii wa Kampala, Bujumbura au Goma anaweza kutumiwa mdundo kwa simu, akaweka sauti yake, na wimbo ukatoka wiki hiyohiyo. Kuandikiana ni nani ametunga nini, na kwa fungu gani, huchukua dakika chache kabla ya kurekodi. Wimbo ukishapendwa, mazungumzo hayohayo huhamia mahakamani, na mara nyingi wanaofika huko ni wajane na yatima.