Pikapu inayogoma kuwaka ikiwa ya moto: hasara isiyoandikwa daftarini

WASAFIRISHAJI wadogo wa mazao wanaijua hali hii. Pikapu kuukuu imewaka bila shida alfajiri pale Ruaha Mbuyuni, imepanda mlima Kitonga na magunia ya vitunguu, imefika Ilula na kuzimwa ili yaongezwe matenga ya nyanya. Dakika 20 baadaye dereva anazungusha ufunguo, unasikika mlio mmoja tu, "ta!", kisha kimya. Utingo anaita vijana waje kusukuma. Ikiachwa ipoe saa moja au mbili, inawaka yenyewe kana kwamba haikuwa na ugonjwa wowote.

Kwa kuwa inawaka ikipoa, wenye magari wengi huamua kuishi na tatizo. Wapo wanaoegesha kwenye mteremko na kuweka jiwe chini ya tairi. Wapo wasiozima injini kabisa, wanakula na kupakia mzigo huku mafuta yakiteketea. Wengine hununua betri mpya, na wiki ya pili wanarudi kulekule kwenye kusukuma. Hasara yake haiandikwi daftarini, lakini ipo. Tuseme pikapu ina matenga 25 ya nyanya, na kwa kuchelewa kufika sokoni kila tenga linauzwa pungufu kwa Sh5,000. Safari hiyo moja imekula Sh125,000, bado chakula cha utingo na nyanya zilizoiva kupita kiasi.

Ni kosa kudhani kwamba injini ikizimwa joto huanza kushuka papo hapo. Feni inasimama na maji hayazunguki tena, lakini chuma cha injini na bomba la ekzosi bado vina moto mwingi. Moto huo unabaki umefungiwa chini ya boneti, na kwa dakika 15 hadi 30 hivi vifaa vya jirani hupata joto kuliko wakati gari lilipokuwa linatembea. Katika magari mengi ya zamani starta imefungwa karibu kabisa na ekzosi.

Waya wa shaba ukipata joto hupitisha umeme kwa shida. Kutoka nyuzi joto 20 hadi 100, kizuizi chake kwa umeme huongezeka kwa takriban asilimia 30. Gari jipya lina akiba ya kulimudu hilo. La zamani akiba yake imekwisha kuliwa na kutu kwenye vichwa vya betri, waya wa athi uliolegea na swichi ya ufunguo iliyoungua ndani. Umeme unaofika kwenye solenoidi, kile kichwa kidogo kilichopanda juu ya starta, hautoshi kuivuta hadi mwisho. Ndipo unaposikika ule mlio mmoja.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, maana fundi anayekisia hubadilisha betri, kisha starta, na mwenye gari analipia vyote. Mita ndogo ya kupimia umeme inamaliza ubishi, mradi kipimo kifanyike gari likiwa la moto na limegoma, si asubuhi gereji. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban 12.6. Starta inapozungusha injini, isishuke chini ya 9.6. Kama starta inazunguka kwa uvivu, ncha moja ya mita iwekwe kwenye nguzo chanya ya betri na nyingine kwenye bolti ya starta unapoingia waya mnene, ufunguo ukiwa umezungushwa. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani. Upande wa athi, kati ya nguzo hasi na mwili wa starta, isizidi volti 0.3. Na kama kinachosikika ni mlio tu, upimwe waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi: ukisoma volti 9 au pungufu wakati betri ina 12, starta haina kosa. Ubaya uko kwenye swichi na nyaya zake.

Dawa ya ubaya huo ni rilei. Badala ya umeme wa solenoidi kuzunguka hadi kwenye ufunguo na kurudi, rilei inafungwa karibu na betri, inapewa waya wake mnene wenye fyuzi, na ufunguo unabaki na kazi ya kuiamsha tu. Ni kazi ya saa chache kwa fundi umeme wa magari, na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya starta. Waya za betri na athi zilizochoka zibadilishwe kwa nene na fupi, na bati likate kati ya ekzosi na starta bila kugusana na chochote. Vipimo vyote vikiwa vizuri na starta bado ni dhaifu, basi ifunguliwe, mara nyingi kaboni na bushi zimelika.

Mtindo wa kugusanisha bolti za starta kwa bisibisi uachwe. Gia ikiwa imeingia, gari litaruka na kumgonga aliye mbele yake.

Upo ugonjwa mwingine unaochanganywa na huu: starta inazungusha kwa nguvu, injini haishiki. Kwa gari la petroli lenye kabureta, joto lilelile linachemsha petroli ndani ya kabureta na kwenye bomba lake, pampu inabaki inasukuma mvuke, au petroli inafurika ndani ya injini. Ikifurika, kanyaga mafuta hadi chini bila kupampu huku ukipiga starta. Bomba lisogezwe mbali na ekzosi. Koili nayo hufa ikipata moto na kufufuka ikipoa, hivyo cheche ya plagi ikaguliwe palepale gari linapogoma.

Kwa dizeli mshukiwa mkubwa ni pampu ya nozeli iliyolika. Dizeli ya moto huwa nyepesi na huvuja ndani ya pampu kabla ya kufika kwenye nozeli. Kitambaa kilicholoweshwa maji kikiwekwa juu ya pampu kwa dakika kadhaa na gari likawaka, jibu limepatikana. Asimwagie mtu ndoo ya maji baridi, pampu inaweza kukwama. Haya ndiyo matengenezo ghali kuliko yote yaliyotajwa hapa, kwa hiyo anayenunua pikapu kuukuu ya dizeli aiendeshe kwanza hadi ipate moto sawasawa, aizime kwa dakika 20, aiwashe tena, ndipo atoe fedha.