Mguu wa Binadamu na Mbio

Kila msimu wa michezo unapokaribia, viwanja vya shule zetu hapa Bukoba na Muleba hujaa wakimbiaji. Baada ya majuma machache baadhi yao huanza kuchechemea, na wengi huficha maumivu wasije wakaachwa nje ya timu. Yafaa basi tujue mguu ulivyo, na kwa nini huumia.

Huko Laetoli, karibu na Ngorongoro, mwaka 1978 wataalamu walioongozwa na Mary Leakey walivumbua nyayo zilizoachwa katika majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.66 iliyopita. Wenye nyayo hizo walitembea wima, na kidole gumba cha mguu wao kilielekea mbele kama chetu. Sokwe hawako hivyo. Wale wa kisiwa cha Rubondo, katika Ziwa letu la Viktoria, hushika matawi kwa kidole hicho kama sisi tushikavyo kwa gumba la mkono.

Mbio ndefu zilikuja baadaye. Mwaka 2004 Dennis Bramble na Daniel Lieberman, wataalamu wa Marekani, walieleza kwamba yapata miaka milioni 2 iliyopita mwili wa binadamu ulianza kufaa kwa mbio za mbali. Walitaja kano ndefu ya nyuma ya kisigino, ambayo huvutika na kurudi kama mpira wa manati; uvungu wa wayo, ufanyao kazi hiyo hiyo; misuli mikubwa ya makalio, izuiayo kiwiliwili kisiangukie mbele; na jasho, lipoozalo mwili.

Ikiwa tunafaa hivyo kwa mbio, mbona tunaumia? Sababu kubwa ni haraka. Moyo na mapafu huzoea mazoezi katika majuma machache, bali mifupa na kano huhitaji miezi. Katika mbio, kila mguu utuapo hupokea kishindo cha mara 2 au 3 ya uzito wa mwili. Mfupa uliochoka hujijenga upya, lakini kwanza huondoa sehemu iliyochakaa. Usipopumzishwa hupata ufa mwembamba. Tena, anayeteremka mbio kutoka Kamachumu kwenda Muhutwe huyatwisha magoti mzigo kuliko anayepanda.

Basi, ongeza mwendo kidogo kidogo. Maumivu yaliyotawanyika kwenye muundi mara nyingi hupoa kwa mapumziko. Lakini ukibonyeza mfupa kwa kidole ukaumia sana pahali pamoja, au maumivu yakikuamsha usiku, acha mbio na umwambie mwalimu. Wazazi nao wasikande wala kuvuta mguu uliovimba baada ya mtoto kuanguka. Waufunge banzi, wampeleke hospitali, iwe ya Mkoa pale Bukoba, ya Ndolage au ya Rubya.

Twamheshimu John Stephen Akhwari, aliyeanguka katika marathoni ya Olimpiki huko Meksiko mwaka 1968, akaumia goti, na bado akamaliza, wa mwisho kati ya 57. Lakini ile ilikuwa siku moja ya Olimpiki, si mazoezi ya kila jioni. Mwanafunzi mwenye ufa katika mfupa akisema mapema, huenda akapumzika majuma 6 hadi 8 kisha akarudi uwanjani. Akinyamaza, ufa huweza kuwa mvunjiko kamili, na msimu wote ukampita.