Uwanja wenu una kipara? Jaribuni ukoka

Kama umewahi kuteleza ukifukuzia mpira kwenye uwanja wa kijijini kule Siakago, Ishiara au Kiritiri, goti lako linakumbuka. Nyasi zimebaki kwenye kona, ambako hakuna anayekanyaga. Mbele ya goli ni mchanga mtupu, na kipa akiruka anarudi na vumbi mdomoni.

Wako wanaosema Mbeere ni kukavu, yaishe. Mimi sikubali. Ni kweli Kinoru kule Meru, palipofanyika Madaraka Dei 2018, na Uwanja wa Moi mjini Embu, ulioipata 2023, viko juu upande wa mlima kwenye udongo mwekundu unaoshika maji. Tena vilipata pesa za serikali. Huku chini tunahitaji akili nyingine, na wanaoijua ni watunzaji wa viwanja vya gofu.

Sikiza hii: ile sehemu laini yenye kishimo cha gofu mara nyingi hujengwa juu ya mchanga, makusudi kabisa! Mchanga haugandamani ovyo ukikanyagwa, na mvua haituami juu yake. Shida yake ni kwamba hauna akiba. Maji na mbolea hupita chap chap, kama mshahara wa mtu mwenye madeni.

Akiba yenyewe ni samadi, na mbuzi Mbeere hawakosi. Chukua iliyooza vizuri, kwa sababu mbichi huleta mbegu za magugu. Penye kipara, lima kwa jembe uma na uichanganye na mchanga hadi kina cha kiganja. Penye nyasi, nyunyiza kidogo tu, ncha zibaki zikionekana.

Sasa, nyasi gani? Ile inayoitwa Kikuyu ni ya kwetu, imesafiri hadi viwanja vya gofu vya California. Lakini hupenda baridi ya nyanda za juu, huku itawasumbua. Chukueni ukoka, ule ambao wazungu huuita Bermuda. Mizizi yake huenda chini sana, na hutambaa juu na chini ya ardhi. Kiangazi kikiuma hugeuka kahawia na kulala, mvua ikija unaamka. Tena ni bure: wakulima wanaung'oa kila siku wakiulaani. (Wewe usiurudishe shambani kwao.) Kata vipande vyenye vifundo, uvipande shubiri moja moja mvua ya Oktoba ikishika.

Ukishashika, acha kumwagilia kidogo kidogo kila jioni, maana mizizi itazoea kukaa juu. Heri mara mbili kwa wiki, asubuhi, maji yazame. Ukifyeka kwa slasha, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu, na wakati wa ukame ziache ndefu zaidi. Mbolea ya CAN weka kiasi, mvua ikiwepo, kwa vipimo vidogo vidogo; ukiimwaga yote siku moja, mchanga utaipitisha tu.

Kazi ngumu ni kuwashawishi wenzako wasiikanyage ile sehemu mpya kwa wiki kadhaa. Timu yenye mechi kila Jumapili haitakubali kufunga uwanja, na sioni sababu ya kugombana nayo. Milingoti yenu ni ya miti tu, si chuma kilichomiminiwa simiti. Ing'oeni, msogeze goli hatua kumi, mzungushe kamba palipopandwa, na mechi iendelee.